Upasuaji wa tonsesi: tathmini ya huduma, na kinachobaki kwenye mate

Mzazi akishaambiwa kwamba mtoto wake anahitaji kutolewa tonsesi, swali linalomtoka kabla hata ya kuuliza bei ni hili: “Daktari, tukizitoa, mtoto si atabaki hana kinga?” Ni swali la msingi, na mara nyingi hujibiwa kwa mkato. Wapo wanaosema tonsesi hazina kazi. Si kweli. Wapo wanaosema mwili utazoea. Hilo lina ukweli, ila halimwambii mzazi mwili utazoeaje wala ni nini kitauchelewesha. Hapa tunaupima upasuaji huu kama inavyopimwa huduma yoyote ya kulipia: unamfaa nani, unamwondolea nini, na unaharibikia wapi. Tumeamua kuufuata kupitia mate, maana ndiyo yanayoosha mdomo na koo usiku na mchana.

Msimamo wetu tuuweke wazi mapema. Kwa mtoto anayekoroma na kukata pumzi usingizini, nyota tano. Kwa mwenye maambukizi ya koo yanayorudi kwa idadi tutakayoitaja, nyota nne. Kwa mtoto ambaye tonsesi zimeonekana kubwa tu, lakini analala vizuri na haumwi mara kwa mara, hatuupendekezi kabisa. Na kwa upande wa kinga ya mate, hasara ya kuondoa tonsesi ni ndogo kuliko inavyoogopwa. Yanayoumiza mate kwa kweli ni ukavu wa wiki mbili za baada ya upasuaji, na huo unategemea hospitali na nyumba, hautegemei kisu.

Tonsesi, au mafindofindo kwa Kiswahili cha vitabuni, ni sehemu ya pete ya tishu za kinga inayozunguka mlango wa koo. Pete hiyo ina tonsesi mbili za pembeni, nyama za puani zilizo nyuma kabisa ya pua, tishu za shina la ulimi, na vipande vidogo karibu na matundu ya mirija ya masikio. Kila tonsesi ya pembeni ina vishimo kati ya 10 na 30 vinavyozama ndani yake. Bakteria, virusi na chembe za chakula huingia humo, hukamatwa na kuonyeshwa kwa seli B, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, nazo hujifunza kutengeneza kingamwili. Kazi hii huwa na kasi utotoni, hasa kati ya miaka 3 na 10, kisha tonsesi husinyaa taratibu.

Lakini kingamwili inayolinda mate haitoki kwenye tonsesi, na hapo ndipo wengi hukosea. Kingamwili kuu ya mate ni IgA, na hutengenezwa na seli zilizokwisha kukaa ndani ya tezi za mate zenyewe: ile ya mbele ya sikio, ya chini ya taya, ya chini ya ulimi, pamoja na vijitezi mamia vilivyotapakaa ndani ya midomo na mashavu. IgA huandaliwa mbilimbili, zikiwa zimeshikanishwa na kiungo kinachoitwa mnyororo J. Kipokezi kilicho upande wa ndani wa seli za tezi huzidaka, huzivusha hadi upande wa mate, kisha huziachia zikiwa zimevikwa kipande chake, na vazi hilo ndilo linalozuia zisimeng'enywe haraka. Tonsesi za pembeni hazina kivuko hicho, na seli zake nyingi za kingamwili hutoa IgG, ambayo ni aina nyingine ya kingamwili. Per Brandtzaeg wa Oslo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kueleza mpangilio huu wa IgA na kivuko chake.

Kwa hiyo tonsesi ni chuo, tezi za mate ni kituo cha kazi. Baadhi ya wahitimu wa chuo husafiri ndani ya damu na kwenda kukaa kwenye tezi. Chuo kikifungwa, walioajiriwa hawaondoki. Kinachopungua ni wapya wanaoingia. Vyuo vingine vinabaki wazi: shina la ulimi, vifundo vya limfu vya shingo, na utumbo. Isitoshe, IgA haifanyi kazi peke yake. Mate hubeba lisozaimu inayotoboa kuta za bakteria, laktoferini inayowanyima madini ya chuma, histatini zinazobana fangasi, na musini zinazoyapa utelezi na kuwanasa wadudu ili wamezwe wakafie tumboni. Kwa sehemu kubwa vyote hivyo ni kazi ya tezi, na kisu cha tonsesi hakifiki huko.

Je, kuna kinachopotea? Kipo. Mwaka 1971 Pearay Ogra, akiwa Buffalo nchini Marekani, alichapisha vipimo vya watoto waliokwisha kupewa matone ya polio kabla ya kutolewa tonsesi na nyama za puani. Kingamwili za polio kwenye ute wa nyuma ya pua zilishuka mara tatu hadi nne baada ya upasuaji. Watoto waliopewa chanjo baada ya kutolewa waliitikia kwa kuchelewa na kwa kiwango cha chini. Hilo lilisaidia kueleza jambo ambalo madaktari walikuwa wameliona tangu enzi za milipuko ya polio: waliotolewa tonsesi walipata zaidi polio ile ya shina la ubongo, inayolemaza umezaji na upumuaji.

Soma vizuri mahali kipimo kilipochukuliwa: ni ute wa nyuma ya pua, palepale zilipokuwa nyama za puani, si mate ya mdomoni. Hata hivyo kwa Afrika Mashariki, ambako matone ya polio bado hutolewa tangu mtoto anapozaliwa, funzo lake linatumika leo hii. Kadi ya kliniki ikaguliwe kabla ya kupanga tarehe. Kama kuna dozi ya polio iliyorukwa, imalizwe kwanza, kisha upasuaji usubiri wiki chache.

Kwenye mate yenyewe matokeo yanapishana. Kuna tafiti zilizoona IgA ikishuka kidogo, na kuna ambazo hazikuona tofauti. Uhakiki mmoja wa mwaka 2015, uliounganisha tafiti 35 kuhusu tonsesi na kinga kwa ujumla, ulikuta nne tu zilizoripoti madhara kwa kinga. Kupishana huku kuna sababu. Mtoto mwenye tonsesi zinazougua kila mara huwa na kinga iliyochochewa, hivyo IgA yake inaweza kuwa juu kuliko kawaida siku ya kipimo cha kwanza. Ikishuka baadaye, sehemu ya kushuka huko ni kurudi mahali pake. Sababu ya pili ni umri: IgA ya mate huongezeka mtoto anavyokua, kwa hiyo kumlinganisha wa miaka 4 na yeye huyohuyo akiwa na miaka 6 bila kundi la kulinganishia ni kupima ukuaji na upasuaji kwa mizani moja.

Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Denmark uliotisha wengi. Ulifuatilia watoto takriban 1,190,000 waliozaliwa kati ya 1979 na 1999, na ukakuta waliotolewa tonsesi kabla ya miaka 9 wana hatari karibu mara 2.7 ya magonjwa ya njia ya juu ya hewa baadaye. Namba ni kubwa na kazi ilikuwa nzito. Ila watoto waliotolewa walikuwa tayari ndio wenye makoo na vifua dhaifu, na takwimu za rejista haziwezi kuliondoa hilo lote. Tunauchukua kama sababu ya kutokata bila hoja. Hautoshi kumnyima upasuaji mtoto anayekosa hewa usiku.

Maabara binafsi sasa huuza kipimo cha IgA ya mate, na wapo wazazi wanaokilipia kabla na baada ya upasuaji. Hatukipendekezi kwa kazi hiyo. Kiwango cha IgA huwa juu asubuhi mtu anapoamka na hushuka kadiri siku inavyosonga. Mate yakitiririka kwa wingi, IgA huzimuliwa. Chukua mfano wa mtoto anayetoa mililita 0.4 za mate kwa dakika zenye mikrogramu 200 za IgA kwa mililita: anatoa mikrogramu 80 kwa dakika. Mpe kitu cha kutafuna, atoe mililita 2 zenye mikrogramu 60: sasa anatoa 120. Karatasi ya majibu itasema ameshuka kutoka 200 hadi 60, ilhali ulinzi halisi umepanda. Kipimo cha maana huchukuliwa saa ileile, mtoto akiwa hajala wala kupiga mswaki kwa angalau saa moja, mate yakidondoshwa yenyewe kwenye chupa kwa dakika 5 zilizohesabiwa, kisha chupa iwekwe kwenye barafu mara moja. Pamba ya kunyonyea hubakiza sehemu ya IgA na kupotosha hesabu. Na hata kikifanywa vizuri, jibu lake halibadilishi uamuzi wa kukata au kutokata.

Uamuzi hubadilishwa na hesabu ya maradhi. Vigezo vinavyotumika sehemu nyingi vilitokana na kazi ya Jack Paradise na wenzake wa Pittsburgh iliyochapishwa mwaka 1984: maambukizi ya koo 7 au zaidi katika mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Kila tukio lihesabiwe tu kama koo lilifuatana na angalau kimojawapo kati ya hivi: homa ya zaidi ya nyuzi 38.3, tezi za shingo zilizovimba na kuuma, usaha kwenye tonsesi, au kipimo kilichoonyesha streptokoka, bakteria wa maambukizi ya koo. “Huwa anaumwa umwa koo” haihesabiki. Andika tarehe kwenye daftari, maana huduma nyingi zisizo za lazima huanzia kwenye kumbukumbu ya kukisia.

Watu wazima wana ushahidi wao. Jaribio la NATTINA la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2023 likiwa na washiriki 453, lilionyesha waliotolewa tonsesi walikuwa na siku 23 za maumivu ya koo katika miezi 24, dhidi ya 30 kwa waliosubiri. Ni nafuu ya kweli, ila asilimia 19 ya waliopasuliwa walitokwa damu. Mtu mzima apime siku hizo 7 dhidi ya damu hiyo kabla ya kutia sahihi.

Mwenye baridi yabisi iliyogusa moyo asidanganywe kwamba kutoa tonsesi kunamwondolea sindano. Benzathini penisilini ya kila wiki 3 au 4 inaendelea palepale, kwa sababu streptokoka huweza kukaa kooni hata pasipo tonsesi.

Kwa mtoto anayekosa hewa usiku, hesabu ni tofauti, na hapa upasuaji huu unastahili sifa. Jaribio la Marekani la mwaka 2013, lenye watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, lilikuta vipimo vya usingizi vimerudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa mapema, na asilimia 46 ya waliosubiri. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Mtoto mwenye nyama za puani zilizokua sana, ambazo mara nyingi hutolewa pamoja na tonsesi, hulala mdomo wazi. Hewa hupita juu ya ulimi na fizi saa nane mfululizo, mate hukauka, asubuhi midomo imepasuka na pumzi inanuka. Pua ikifunguka, mdomo hufunga, na mate hubaki pale yanapotakiwa. Kwa mtoto wa namna hii, upasuaji unayaongezea mate nguvu.

Mbinu za kukata hazilingani. Kisu baridi huchukua muda zaidi, damu hufungwa kwa uzi au kwa kubanwa, na maumivu ya baadaye huwa nafuu. Kuchoma kwa umeme ni haraka na chumba cha upasuaji hubaki kikavu, ila joto huunguza misuli iliyo chini ya tonsesi, na kidonda cha moto huuma zaidi. Ukaguzi wa kitaifa wa England na Ireland ya Kaskazini wa 2003 hadi 2004, wenye wagonjwa 33,921, ulikuta mbinu za joto zinafuatwa na damu zaidi kuliko kisu baridi. Mbinu ya tatu ni kutoa sehemu ya tonsesi na kuacha utando wa nje na tabaka jembamba la tishu. Maumivu hupungua, damu hupungua, na kipande cha chuo hubaki. Kwa mtoto mdogo mwenye tatizo la hewa tu, tungeuliza kwanza kama hospitali inaifanya. Kasoro yake ni kwamba tishu huweza kuota tena kwa wachache, na kwa mwenye maambukizi ya kurudi haijathibitika kama kutoa zote.

Siku ya upasuaji, huduma nzuri hujulikana kwa mambo madogo. Chakula kizito husimamishwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji saa 2. Wodi inayomwambia mtoto atakayepasuliwa saa tano asubuhi asiguse maji tangu saa mbili usiku inamwingiza kwenye usingizi akiwa amekauka tayari. Baadhi ya dawa za nusu kaputi, kama atropini, hukausha mate kwa saa kadhaa, hivyo dripu isitolewe mpaka ameanza kunywa. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, dozi moja ndani ya chumba cha upasuaji hupunguza kutapika na maumivu. Ikikosekana kwenye cheti, ulizia. Antibiotiki ya siku saba “ya kuzuia” haihitajiki kwa kawaida: haipunguzi damu, na huvuruga bakteria wa mdomo hadi fangasi wakapata nafasi ya kutandaza utando mweupe mashavuni. Mtoto mwenye sikoseli atajwe mapema, apimwe damu, alazwe siku moja kabla, apewe maji na kuwekwa kwenye joto. Wa chini ya miaka 3, na yeyote anayekata pumzi sana, alale wodini usiku huo.

Kodeini, dawa ya kutuliza maumivu, asipewe mtoto wa chini ya miaka 12, na baada ya upasuaji huu asipewe yeyote aliye chini ya miaka 18. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali mwaka 2013 kwa matumizi yake baada ya upasuaji huu, kwa sababu miili ya baadhi ya watu huigeuza kuwa mofini haraka mno hadi pumzi ikasimama. Mwaka 2017 tramadoli nayo ilikatazwa baada ya upasuaji huu kwa walio chini ya miaka 18. Duka la dawa likikupa dawa ya kikohozi yenye kodeini kwa mtoto huyu, irudishe.

Nyumbani ndiko mate yanakoshinda au kushindwa. Mtoto wa kilo 20 huhitaji takriban mililita 1,500 za kimiminika kwa siku, yaani karibu mililita 100 kila saa anapokuwa macho: nusu ya kikombe kidogo cha chai. Hatakunywa kama anaumwa, kwa hiyo dawa itangulie. Parasetamoli miligramu 15 kwa kilo kila saa 6, ambayo kwake ni mililita 12.5 za sirapu ya miligramu 120 kwa mililita 5, isizidi mara nne kwa siku. Ibuprofeni miligramu 10 kwa kilo kila saa 6 hadi 8, yaani mililita 10 za sirapu ya miligramu 100 kwa mililita 5, isipokuwa kama ana tatizo la figo, pumu inayochochewa nayo, au amekaukiwa maji. Dawa hizi zitolewe kwa kufuata saa, usiku pia, kwa siku tano za mwanzo. Kosa tunalolisikia mno ni kusubiri mtoto alie. Akishalia hamezi, asipomeza hanywi, asipokunywa mate huwa mazito kama gundi, kidonda hukauka na kuuma zaidi.

Piriton na dawa nyingine za mzio asipewe ili alale. Nazo hukausha mate. Aspirini isiguswe.

Mpe uji uliopoa, mtindi, madafu, mlenda na ugali laini, ndizi mbivu iliyopondwa. Barafu za vifuko zinafaa, ila za ukwaju huwasha kidonda, na za ubuyu au rozela zenye rangi nyekundu ziachwe: akizitapika saa nane usiku hutajua kama ni damu. Kutafuna ni vizuri, kwani taya linapofanya kazi ndipo tezi ya mbele ya sikio humwaga mate. Mswaki uendelee asubuhi na jioni. Kusukutua kwa nguvu kusubiri wiki mbili.

Siku ya pili ukimulika koo utaona utando mweupe au wa kijivu pande zote mbili, na pumzi itanuka. Huo ndio ukoko wa kidonda, si usaha, na usikwanguliwe. Masikio huuma kati ya siku ya 3 na ya 7 ingawa hayana ugonjwa, kwa sababu mshipa mmoja wa fahamu hubeba maumivu ya pande zote mbili. Mkojo upatikane kila saa 6 hadi 8 na uwe wa rangi hafifu; ukiwa kama chai kavu, mrudishe apewe dripu.

Ukoko hudondoka kati ya siku ya 5 na ya 10, na hiyo ndiyo nafasi ya pili ya damu baada ya ile ya saa 24 za kwanza. Mtoto wa kilo 15 ana damu takriban mililita 1,100 tu mwilini. Mstari mmoja wa damu kwenye mate huweza kusubiri dakika chache ukiangalia. Damu inayoendelea, matapishi kama unga wa kahawa, au mtoto aliyelala anayemeza mate mfululizo bila sababu, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, akiwa amekaa ameinama mbele, asile wala kunywa njiani. Ndiyo maana, kabla ya kulipa, uliza hospitali kama ina daktari wa koo na mtaalamu wa dawa za usingizi usiku wa siku ya 7, wala si asubuhi ya upasuaji tu. Kama jibu ni hapana, na nyumbani ni zaidi ya saa moja kwa gari, panga mtoto akae kwa ndugu wa karibu na hospitali mpaka siku ya 10 ipite.

Mwisho, tonsesi zisichanganywe na kimeo, kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo. Wapo mafundi wa mitaani wanaokikata kwa madai ya kutibu kikohozi, na huita kazi hiyo kutoa tonsesi. Hakuna ugonjwa wa tonsesi unaotibiwa hivyo, na watoto hufikishwa wodini wakivuja damu au wakiwa na pepopunda. Mtoto aliyekwisha kukatwa kimeo akipangiwa upasuaji wa nyama za puani, daktari aambiwe, kwa kuwa kaakaa laini lililofupishwa huenda lisizibe vizuri njia ya pua; chakula kikarudi puani na sauti ikatokea puani.